Mita Haikulia

Zililetwa na guta kutoka Shangani,
mbili, ndefu kama milango ya kabati,
zimefungwa khanga ili zisichubuke.
Vijana wa kijiweni wakauliza: hizi ni dari?
Somoe akasema, huu ni mshahara wangu.

Miezi mitatu amefua, amepika, amepiga deki;
mkandarasi wa mabomba akafunga virago usiku,
akamwachia funguo za geti na spika hizi
na karatasi: thamani yake inazidi ninachodaiwa.
Mnunuzi alikuja, akasikiliza, akatikisa kichwa.
Moja inasema, alisema, na moja bubu.
Kwa bubu halipi mtu.

Mimi Hokororo nafungua redio tangu zilipokuwa za mbao.
Nimezoea spika yenye koni, yenye tumbo,
ukiweka kiganja unaijua inavyopumua.
Hii haina tumbo. Nilivua kitambaa
nikakuta utando tu, mwembamba kama ganda la kitunguu,
na waya umegandishwa juu yake,
unashuka, unapanda, unashuka tena,
kama mtu anayelima matuta bila kuinua jembe.
Nyuma yake sumaku, safu kwa safu.
Bisibisi ikanitoka mkononi, ikaenda kwao
kama mtoto aliyemwona mama yake sokoni.
Kuing'oa nilitumia mikono miwili na tusi moja.

Nikashika mita. Ncha hii mwanzo wa waya, ile mwisho.
Kimya.
Nikasogea tuta moja, nikasogea jingine.
Kimya ni kirefu ukikipima kwa sindano.
Karibu na msumari wa shaba, pale waya unapoacha utando
kwenda kuonana na dunia,
palikuwa na unga mweupe.
Hewa ya chumvi imepalamba misimu saba
mpaka waya ukawa nyaya mbili
na kati yake nafasi isiyopitisha hata unywele.
Somoe aliinama, hakuiona.
"Ndipo hapo?"
"Ndipo."
"Miezi yangu mitatu imekwama hapo?"
Sikujibu. Nilikuwa nimebana pumzi.

Alumini haipendi lehemu.
Ukiikwangua inavaa shati jipya kabla hujapuliza.
Basi nilidondosha tone la mafuta ya cherehani,
nikakwangua kwa wembe humo humo ndani ya tone,
hewa isipoweza kuchungulia,
nikaleta ncha ya moto,
na umeme ukakatika.
Mji wa gesi, alisema Somoe, akacheka peke yake.

Tukawasha jiko. Nikachomeka kipande cha shaba kwenye makaa
kama nilivyofundishwa kabla ya Luku.
Sekunde mbili tu: zikizidi, utando unakunjamana,
na utando huo hauuzwi Chikongola, wala Dar.
Moja.
Mbili.
Lehemu ikatambaa, ikang'aa, ikatulia.
Nikaunga kipande cha waya laini, nikakiachia kona ilegee,
maana kilichokatika kwa kukazwa
hakiungwi kwa kukazwa.
Gundi juu. Tukangoja ikauke
huku tukitafuna korosho zile za vipande, za bei ya chini.

Umeme uliporudi, saa kumi na mbili kasorobo,
mita ikalia.
Tukafungulia redio: matangazo ya vifo, kisha bei za ufuta.
Sauti haikutoka kwenye spika.
Mtu alikuwa amekaa kati ya milango miwili,
anafunua karatasi, anameza mate,
anataja Nanguruwe, anataja Kitangari.
Hata kijiwe kilinyamaza.
Somoe alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa
mpaka vifo vikaisha, mpaka bei zikaisha.
Kisha akazifunga khanga zake upya, upande kwa upande,
akauliza deni.

Daftarini nimeandika: Somoe Nampunju. Waya.
Elfu saba. Nimepokea tatu.
Nne, akilipwa.